Kabla hujasaini pango: ada ya athari za trafiki jimboni Washington na namna ya kuipunguza

Ukikodi fremu Kent, Renton au Federal Way ili ufungue mgahawa wa pilau na nyama choma, kibali cha ujenzi kitakuja na mlolongo wa ada: ya kukagua michoro, ya mabomba, ya mitambo ya hewa. Hizo unaweza kuzibeba. Halafu upo mstari mmoja ambao peke yake unaweza kuzidi bei ya majiko, friji na feni ya moshi kwa pamoja. Huo ndio ada ya athari za trafiki. Wengi hukutana nao wakiwa wameshasaini mkataba wa miaka mitano, mchoraji ameshalipwa na kodi ya pango imeanza kuhesabika.

Kinachofuata huwa ni kubembeleza: barua kwa meya, wazee wa jumuiya kwenda ofisini, maneno kuhusu ajira zitakazoletwa. Karani wa vibali anaweza kukuonea huruma kweli, lakini hana kifungu kinachomruhusu kufuta ada kwa huruma. Anavyo vifungu vya kubadilisha hesabu. Kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye hesabu, na uzipeleke mapema.

Nazungumzia jimbo la Washington. Oregon na California zina ada za aina hii pia, ila taratibu na tarehe za mwisho ni zao.

Ada inatoka wapi

Mwaka 1990 jimbo lilipitisha sheria ya kusimamia ukuaji wa miji, na humo miji na kaunti zikaruhusiwa kuutoza ujenzi mpya sehemu ya gharama za barabara, bustani, shule na zimamoto. Vifungu ni RCW (mkusanyiko wa sheria za jimbo) 82.02.050 hadi 82.02.110. Visome mwenyewe, havichoshi. Pesa ya barabara lazima iende kwenye miradi iliyoandikwa ndani ya mpango wa miundombinu wa jiji, na iwe miradi ya kubeba ukuaji mpya: taa za makutano, njia ya ziada ya magari, na tangu mabadiliko ya 2023 hata njia za baiskeli na za waendao kwa miguu. Haitakiwi kuziba mashimo ya zamani wala kulipia upungufu uliokuwepo kabla yako. Jiji haliruhusiwi kugharimia miradi hiyo kwa ada hii peke yake, na kiasi unachotozwa kisizidi sehemu inayokuhusu.

Si kila mji unaitoza. Seattle yenyewe, jiji kubwa kuliko yote jimboni, hadi mwisho wa 2024 ilikuwa imeijadili kwa miaka bila kuipitisha. Ukivuka mpaka tu kuelekea kusini, mambo ni mengine. Fremu mbili zilizo umbali wa dakika kumi kwa gari zinaweza kutofautiana kwa makumi ya maelfu ya dola kwa sababu hii moja.

Hesabu yenyewe

Jiji huchukua gharama za miradi yake, hutoa pesa zinazotoka kwingine, kisha hugawa kwa idadi ya safari mpya zinazotarajiwa. Linapata bei ya safari moja. Safari hapa ni gari moja kuingia au kutoka, kwa hiyo mteja anayekuja na kuondoka ndani ya saa hiyohiyo ni safari mbili. Miji mingi ya Washington hupima ile saa moja yenye magari mengi zaidi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

Idadi ya safari za biashara yako haibuniwi pale dirishani. Inatoka kwenye kitabu cha viwango cha ITE, chama cha wahandisi wa usafiri, ambacho toleo lake la 11 lilitoka 2021. Kila aina ya matumizi ina namba ya utambulisho na kiwango chake kwa kila futi za mraba 1,000. Katika toleo hilo, mgahawa wa kawaida wa kukaa na kula, namba 932, ni safari 9.05. Maduka ya plaza ndogo ya pembeni mwa barabara, namba 822, ni 6.59. Ofisi, namba 710, ni 1.44. Ghala, namba 150, ni 0.18. Chakula cha haraka chenye dirisha la magari, namba 934, ni 33.03.

Kisha huondolewa safari za wapita njia: watu ambao wangepita barabara hiyo hata usingekuwepo, wakaona bango lako wakakata kona. Gari hilo hukulileta wewe barabarani. Kwa mgahawa wa kukaa, asilimia iliyozoeleka ni 43. Kwa maduka, 34.

Tuchukue fremu ya futi za mraba 1,800, sawa na mita za mraba 167 hivi, na bei ya mfano ya dola 5,000 kwa safari. (Mji wako una bei yake, iko kwenye jedwali la ada.) Mgahawa: 1.8 mara 9.05 ni safari 16.29. Toa asilimia 43, zinabaki 9.29. Zidisha kwa 5,000, unapata dola 46,400 na ushei. Karani akisahau kuwatoa wapita njia, barua itasoma dola 81,450. Na kama kwenye fomu uliandika "chakula cha haraka" kwa sababu tu unauza chapati na sambusa za kubeba, ukaingizwa fungu la 934, safari ni 59.45. Hata zikitolewa nusu kwa ajili ya wapita njia, deni linakaribia dola 149,000. Fremu ni ileile, sufuria ni zilezile.

Ndiyo maana neno unaloandika kwenye mstari wa "matumizi" lina bei. Usidanganye, maana ukiongeza dirisha la magari baadaye utatozwa tofauti. Eleza tu kwa ukamilifu: viti vingapi, wateja wanakaa au wanabeba, mnafunguliwa saa ngapi, dirisha la magari lipo au halipo. Kisha uliza watakuweka namba gani ya ITE, na jibu lije kwa maandishi.

Na futi je? Zinazohesabiwa ni za sakafu yote, stoo na choo vikiwemo. Lakini futi zilizo kwenye mkataba wa pango mara nyingi zimeongezewa sehemu yako ya korido na maeneo ya pamoja. Tumia vipimo vya mchoro wa msanifu. Tofauti ya futi 150 kwenye mfano wetu ni karibu dola 3,900.

Mkopo wa matumizi ya zamani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jengo lililokuwepo lilishakuwa na magari yake. Ukibadilisha matumizi, miji kwa kawaida hukutoza nyongeza tu: safari mpya kutoa za zamani. Punguzo hilo ndilo linaloitwa mkopo (credit), si deni. Rudi kwenye mfano. Fremu ikiwa ilikuwa duka la plaza ndogo, safari za zamani ni 1.8 mara 6.59, yaani 11.86, ukiwatoa wapita njia kwa asilimia 34 zinabaki 7.83. Nyongeza yako ni safari 1.46 tu, na ada inashuka hadi dola 7,300 hivi. Kama ilikuwa ofisi, unalipa karibu 33,500. Kama ilikuwa ghala, karibu 44,800, yaani umepunguziwa kiduchu. Ghala la bei rahisi ya pango linaweza kuwa ghali kuliko fremu nzuri, na hilo halionekani kwenye tangazo la dalali.

Ipo hali nzuri zaidi. Baadhi ya miji hulihesabu jengo la plaza kama kitu kimoja, kwa kiwango cha kituo cha maduka, na kiwango hicho kilishapatikana kwenye plaza zenye mchanganyiko wa wapangaji, migahawa ikiwemo. Hapo saluni ikitoka ukaingia mgahawa, jiji linaweza kusema hakuna matumizi yaliyobadilika na ada ni sifuri. Mingine humtazama kila mpangaji peke yake. Uliza swali hili kwa maneno hayohayo: "Mnahesabu plaza nzima au fremu moja moja?"

Mkopo huu hukwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jengo kukaa tupu. Kanuni za miji mingi zina muda maalumu. Likikaa wazi kupita hapo, matumizi ya zamani yanachukuliwa kuwa yamekufa na unahesabiwa kama uliyejenga kiwanja kitupu. Ya pili ni ushahidi. Jiji linaweza kuwa na rekodi inayosema "ghala" ilhali kwa miaka palikuwa na duka. Kusanya vibali vya zamani, rekodi ya kaunti ya kodi ya mali, mkataba wa mpangaji aliyetangulia, leseni yake ya biashara, picha za mtaa zenye tarehe kwenye ramani za intaneti. Mwenye jengo akuandikie barua inayotaja tarehe mpangaji wa mwisho alipotoka. Wapelekee vyote pamoja na maombi, usisubiri waulize.

Daycare ni hadithi yake

Kituo cha kulea watoto, namba 565, kina kiwango cha 11.12 kwa futi 1,000, juu kuliko mgahawa. Sababu iko wazi: wazazi huja kuchukua watoto saa zilezile za msongamano. Lakini kitabu kinatoa pia kiwango kwa kila mtoto, 0.79. Kituo cha futi 3,000 chenye leseni ya watoto 30 ni safari 33.4 kwa futi, ila ni 23.7 tu kwa watoto. Kama jedwali la jiji halijakufunga kwenye futi, omba wahesabu kwa watoto. Ukiwa na nafasi kubwa kwa kila mtoto, kuhesabiwa kwa futi ni kuadhibiwa kwa kuwapa hewa.

Sheria ya jimbo pia inakataza kukitoza kituo cha malezi ya awali zaidi ya duka au ofisi yenye safari za idadi, aina na muda unaofanana. Kitaje kifungu, 82.02.060, kwenye barua yako. Daycare ya nyumbani ya watoto wasiozidi 12 ni jambo jingine: nyumba inabaki nyumba, na kwa kawaida suala la ada hii halijitokezi.

Utafiti wako mwenyewe

Kifungu hichohicho cha 82.02.060 kinalitaka jiji litazame takwimu na tafiti unazoleta, na liruhusu marekebisho pale hali isiyo ya kawaida inapofanya ada isiwe ya haki. Viwango vya ITE vilikusanywa kwa wingi kwenye maeneo ya pembezoni yenye maegesho ya bure. Mgahawa ulio hatua chache kutoka kituo cha treni, ambao nusu ya wateja wanakuja kwa miguu, haufanani nayo.

Utafiti unafanywa na mhandisi wa trafiki, na kosa kubwa ni kuhesabu kwanza kisha kuliuliza jiji. Kubalianeni kwa maandishi kabla: maeneo gani, siku gani, kipimo gani. ITE inataka angalau maeneo matatu yanayofanana na lako, na ikiwezekana matano. Yawe yamefanya kazi miaka miwili au zaidi na yamejaa wateja wa kawaida. Hesabu hufanyika Jumanne hadi Alhamisi, mbali na sikukuu. Kwa wapita njia lazima wateja waulizwe mlangoni walikuwa wanaelekea wapi. Ukipeleka hesabu ya mgahawa mmoja, tena wa Jumatatu ya mvua, itarudishwa na ada ya mhandisi umeshalipa. Kwa ada ya dola 7,300 utafiti haulipi. Kwa 45,000 piga hesabu.

Tarehe, pango na pingamizi

Ada hii haigandi siku unapoomba kibali. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua hivyo mwaka 1999 katika kesi ya New Castle Investments dhidi ya mji wa LaCenter: haki ya kushikilia kanuni za siku ya maombi haihusu ada ya trafiki. Bei ikipanda kabla hujalipa, unalipa mpya. Miji mingi hubadilisha majedwali tarehe 1 Januari, hivyo maombi yaliyosuasua tangu Oktoba kwa sababu ya michoro yenye kasoro yanaweza kukusukuma kwenye bei mpya.

Kabla ya kusaini pango, omba kikao cha awali na idara ya vibali na upate makadirio ya maandishi. Weka sharti kwenye mkataba kwamba ada ikizidi kiasi fulani unaweza kujitoa bila kupoteza amana. Halafu zungumza na mwenye jengo kuhusu kugawana, na hoja yako iwe hii: unacholipa wewe kinabaki na jengo. Mpangaji ajaye atapata mkopo wa matumizi yako. Hata pesa isipotumika au kutengewa mradi ndani ya miaka 10, anayerudishiwa kwa sheria ni mwenye mali wa wakati huo, na dai liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja. Kama hamkuandika vinginevyo, hundi itamfikia yeye. Ukiacha mradi kabla haujaleta athari yoyote, ombi la kurejeshewa pamoja na riba ni lako mwenyewe mwombaji.

Ukiona hesabu ina kosa na unahitaji kufungua, lipa kwa pingamizi. RCW 82.02.070 inaruhusu: unapata kibali huku ukiendelea kubisha. Andika "ninalipa kwa pingamizi" kwenye barua inayoambatana na malipo, taja namba ya kibali na sababu, bakiza nakala yenye mhuri. Rufaa ya kiutawala ina muda mfupi, soma tarehe iliyo kwenye uamuzi wenyewe. Angalia pia kama umetozwa mara mbili kwa makutano yaleyale kupitia tathmini ya mazingira, 82.02.100 inakataza.

Kuhusu mahakama, misingi miwili itakusaidia angalau kwenye lugha ya barua. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Dolan dhidi ya Jiji la Tigard, Oregon. Duka la vifaa vya mabomba na umeme lilitaka kukua kutoka futi za mraba 9,700 hadi 17,600. Jiji likakadiria safari 435 zaidi kwa siku na kudai ardhi kwa ajili ya njia ya baiskeli. Majaji watano kwa wanne walisema haitoshi jiji kudai njia hiyo inaweza kupunguza magari. Lazima jiji lionyeshe uwiano wa makadirio kati ya linachodai na athari za mradi. Aprili 2024, katika kesi ya Sheetz dhidi ya Kaunti ya El Dorado, California, kuhusu ada ya trafiki ya dola 23,420 kwa nyumba moja, majaji wote tisa walisema ada haiepuki kipimo hicho kwa sababu tu imetoka kwenye jedwali lililopitishwa na baraza. Hawakusema jedwali ni haramu, wala hawakuamua liwe na undani kiasi gani. Usiende mahakamani kwa fremu moja.

Ukitaka baraza libadilishe kanuni

Kwanza kijue kikwazo. Msamaha kwa shughuli zenye manufaa mapana kwa umma, chini ya 82.02.060, unataka sehemu iliyosamehewa ilipwe kutoka fedha nyingine za umma. Diwani akisema "tuwasamehe wadogo", mkurugenzi wa fedha atauliza mfuko gani unalipa, na hapo hoja nyingi hufa.

Njia zinazopita kirahisi hugusa hesabu. Jiji linaweza kutotoza mabadiliko ya matumizi ndani ya jengo lililopo chini ya ukubwa fulani, kwa hoja kwamba jengo limeshahesabiwa barabarani. Linaweza kuunganisha biashara ndogo zote kwenye kiwango kimoja, ili saluni kugeuka mgahawa kusilete ada. Bellingham hupunguza hadi asilimia 50 kwenye vitovu vya mji vilivyo karibu na mabasi. Kuahirisha malipo hadi siku ya kufungua husaidia mzunguko wa pesa, ingawa hakupunguzi hata senti. Sheria ya 2015 ililazimisha uahirishaji kwa nyumba za makazi za familia moja, biashara zinategemea mji wenyewe.

Mimi naupendelea msamaha wa mabadiliko ya matumizi, ila uandikwe vizuri. Ukisema "chini ya futi 2,500", mwenye 2,510 analipa yote na mwenye 2,490 halipi kitu. Ukuta wa ndani utahamishwa kwa ajili ya hilo. Kusamehe futi 2,000 za kwanza kwa kila mtu kunaondoa ukingo huo, lakini maduka makubwa nayo yanafaidika na mapato yanashuka zaidi. Na udogo usipimwe kwa futi peke yake. Kibanda cha kahawa cha dirishani chenye futi 500 kinaweza kuita magari kuliko duka la vitambaa la futi 3,000, hivyo biashara zenye dirisha la magari zitolewe kwenye msamaha. Kupima kwa idadi ya wafanyakazi au kwa kuwa mmiliki ni mkazi wa hapa kunasikika vizuri kikaoni, ila hakuna uhusiano na safari, na uhusiano huo ndio unaoishikilia ada nzima kisheria.

Namba za kwenda nazo zipo. 82.02.070 inalitaka jiji litoe kila mwaka ripoti ya akaunti ya ada hizi: zimetoka wapi, kiasi gani, zimejenga nini. Iombe idara ya fedha wiki kadhaa kabla ya kikao, pamoja na orodha ya vibali vya kubadili matumizi vya miaka mitatu iliyopita. Jumlisha ada za fremu zilizo chini ya ukubwa unaoupendekeza, uiweke karibu na jumla ya mwaka, na diwani aipate siku mbili kabla ya kikao.